Limefunguliwa au Litafunguliwa

Kila Alhamisi, kengele ya mwisho ikishalia, Redio alitupia mkoba mgongoni na kwenda kwenye kona ya barabara kuu, mahali ilipokuwa ikijengwa reli mpya ya treni za mjini. Redio halikuwa jina lake. Wenzake wa darasa la sita walimbandika jina hilo kwa sababu habari ikimfikia asubuhi, saa nne shule nzima inayo. Mwalimu wa Kiswahili alipotafuta mtu wa kufuatilia ujenzi na kuandika habari zake kila Ijumaa kwenye kibao cheusi kilichotundikwa nje ya darasa, hakuna aliyejisumbua kuinua mkono. Wote walimgeukia yeye.

Kazi hiyo aliipenda. Alichungulia kwenye tundu la uzio wa mabati, akahesabu nguzo za zege, akatazama kreni ikinyanyua mihimili huku mafundi wakipaza sauti, "Shusha! Shusha kidogo! Hapo hapo!" Asichokielewa alimuuliza mama wa bendera, mwanamke mwenye kizibao cha rangi ya machungwa aliyesimamisha magari ili malori ya kokoto yapite. Ndiye aliyemwambia kuwa yale magogo ya zege yanayolazwa chini ya reli huitwa mataruma. Basi Ijumaa kibao kilisomeka: nguzo ishirini na tatu zimesimama, mataruma yamefika mbele ya soko.

Hata watu wazima walizoea habari hizo. Aliyezingoja kwa hamu kuliko wote alikuwa babu yake Kidoti. Kidoti alikuwa rafiki mkubwa wa Redio, msichana mpole mwenye alama nyeusi shavuni. Kusoma kulikuwa kumemtesa tangu darasa la kwanza, na ni mwaka huo tu alipoanza kusoma bila kufuata maneno kwa kidole. Babu yake macho yalikuwa na ukungu, na hospitali ilikuwa ng'ambo ya reli. Tangu uzio uwekwe, ilimbidi azunguke mbali hadi sokoni, mpaka daraja la kuvukia juu ya reli limalizike. Kwa hiyo kila Ijumaa alimuuliza mjukuu wake, "Haya, Redio anasemaje? Daraja letu la waenda kwa miguu vipi?"

Alhamisi moja, darasa la sita lilishindana na darasa la tano kuruka kamba. Redio alikuwa hodari wa kuruka. Aliruka mpaka jua likazama, akarudi nyumbani hoi, na kona ya barabara hakuikumbuka kabisa.

Ijumaa asubuhi alisimama mbele ya kibao, chaki mkononi. "Wiki iliyopita mama wa bendera alisema daraja litafunguliwa Alhamisi," aliwaza. "Alhamisi si ilikuwa jana? Basi." Akaandika kwa mwandiko wake mzuri: Daraja la waenda kwa miguu limefunguliwa jana. Akajipangusa chaki, akaingia darasani.

Jumatatu jioni mama yake alirudi kutoka kwenye chumba chake cha ushonaji akiwa amekunja uso.

"Umesikia yaliyompata babu yake Kidoti?" aliuliza. "Alikuwa na miadi ya macho leo. Kapanda ngazi zote za daraja jipya, kufika juu kakuta geti lina kufuli. Wakati wa kushuka akakosea ngazi moja, akaanguka. Goti limevimba hivi! Alipozunguka mpaka hospitali, daktari alikuwa ameshaondoka. Wamempa tarehe ya mwezi ujao."

Redio alirudisha tonge kwenye sahani. "Kwani... nani alimwambia limefunguliwa?"

"Nani tena? Mjukuu wake. Alimsomea kutoka kwenye kibao chenu. Nadhani alisoma vibaya. Si unamjua yule mtoto na kusoma."

Redio aliisogeza sahani pembeni. Hakumaliza chakula.

Jumanne alifika shuleni kabla ya mtu mwingine yeyote. Kibao kilikuwa vilevile. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akafuta herufi mbili kwa kidole gumba na kuandika nyingine mbili. Limefunguliwa likawa litafunguliwa. Neno "jana" alilifuta kabisa.

Kidoti alikuja akimvuta mwalimu kwa mkono. "Mwalimu, tafadhali njoo uone mwenyewe. Nyumbani wote wananiambia nimesema uongo. Imeandikwa..." Alisogea karibu, akasogea tena, mpaka pua ikakaribia kugusa chaki.

"Li-ta-funguliwa," mwalimu alisoma polepole. "Unaona? Lita. Bado. Mwanangu, tumeshasema mara ngapi? Soma neno mpaka mwisho, usikisie."

Watoto waliokuwa mlangoni walicheka. Mmoja akasema, "Litame!" na kicheko kikazidi. Ijumaa ile wengi wao walikuwa wamesoma idadi ya nguzo tu, hivyo hakuna aliyekuwa na la kubisha.

Kidoti alimgeukia Redio. "Wewe ndiye uliyeandika. Uliandika nini?"

Redio aliangalia viatu vyake. "Si unaona mwenyewe?" alijibu.

Kidoti aliingia darasani, akafungua kitabu, na Redio, aliyekaa nyuma yake, akaona kidole cha rafiki yake kimerudi chini ya maneno, kikisogea neno baada ya neno. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini somo la hesabu liliendelea kama kawaida.

Siku iliyofuata mama yake alimtuma apeleke shati la babu yake Kidoti lililokuwa limetiwa vifungo. Redio alijivuta njia nzima. Alimkuta babu amekaa kwenye kiti, mguu ameunyoosha juu ya kigoda, goti limefungwa bendeji.

"Karibu, mjukuu wangu! Afadhali umekuja," alisema kwa furaha. "Hebu chukua gazeti hilo unisomee. Kidoti amegoma. Tangu jana hataki kunisomea hata jina la dawa. Anasema yeye hajui kusoma, ataniua bure."

Redio alilishika gazeti. Mistari yote ilicheza machoni mwake.

"Babu," alisema. "Kidoti alisoma sawasawa. Ni mimi. Sikwenda kuangalia, nikaandika limefunguliwa. Halafu Jumanne nikafuta, nikaandika litafunguliwa, ili ionekane amekosea yeye."

Babu alilichukua gazeti, akalikunja. Redio alisubiri akemewe, angeona nafuu. Hakukemewa.

"Goti litapona," hatimaye babu alisema. "Lakini mimi sina uwezo wa kumrudishia Kidoti kusoma kwake. Umemfanya achekwe mbele ya watu. Utamtoa aibu wapi?"

"Mbele ya watu," Redio alijibu huku akilia.

Kesho yake, kabla ya somo la kwanza, aliomba kusimama mbele ya darasa. Alieleza yote: kamba, chaki, kidole gumba. Hakuna aliyecheka.

Mwalimu aliinuka, akaenda moja kwa moja hadi kwenye dawati la Kidoti. "Ulikuwa sahihi, nami nilikukosea. Nisamehe, mwanangu." Kisha akamwambia Redio, "Nenda ukaandike masahihisho kwenye kibao. Utie na jina lako."

Siku hiyo baada ya masomo Redio na mama yake walikwenda hospitali wakamweleza muuguzi wa mapokezi. Muuguzi alipekua orodha yake, akakuta mgonjwa mmoja ameahirisha, na babu akapata nafasi Jumatano ya wiki iliyofuata. Siku moja kabla, geti likiwa limeshafunguliwa, Redio alikwenda mwenyewe darajani. Alipanda ngazi zote, akavuka mpaka ng'ambo, akarudi, ndipo akaenda kumwambia babu kwamba njia ipo wazi.

Jumatano walivuka pamoja, babu katikati ameshika bomba la pembeni, Redio kulia, Kidoti kushoto. Chini yao mafundi walikuwa wakikaza reli kwenye mataruma. Kidoti alikuwa bado hamsemeshi Redio.

Babu alisimama kupumzika. "Ninyi wawili nisikilizeni," alisema. "Ukiandika jambo, kuna mtu atainuka kitini na kutembea kwa kuamini maneno yako. Usipoliona, sema hukuliona, hakuna atakayekulaumu. Na ukikosea, beba kosa lako siku hiyohiyo, maana ukimtwika mwenzako, makosa yanakuwa mawili, na la pili ni zito kuliko la kwanza."

"Nimeelewa, babu," Redio alisema. Akamgeukia Kidoti. "Nisamehe."

Kidoti alitazama ngazi zilizokuwa mbele yao. "Sijaacha kukasirika," alisema. "Lakini shika mkono wa babu vizuri, ngazi za kushukia zina unyevu."