Uzi Usio na Fundo

Jioni ile nilikuwa napeleka mapazia tu. Mapazia ya Mwalimu Sachiko, mawili ya dirisha na moja la mlango. Nimeyakunja nimeyaweka kichwani, na mkono mmoja namshika Shija, mwanangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Bariadi, nashonea barazani kwa Muksini muuza mitumba, na kazi nilikuwa nimeichelewesha siku mbili. Nilitaka kuwahi kabla giza halijaingia.

Mkono wa Shija ulikuwa wa baridi. Niliusikia, nikaendelea kutembea.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana bila lile gauni hamtanielewa.

Ulikuwa mwaka ule wanunuzi binafsi walipoingia kwenye pamba, na mitumba ikajaa mpaka minada ya Sapiwi na Nkoma. Muksini akafungua belo jipya. Ndani yake nikaona nguo nyeupe, ndefu, haina kifungo wala zipu, mikono yake mipana kama magunia. Muksini akasema ni gauni la kulalia la Wazungu. Huyo naye kila asichokijua ni cha Wazungu. Nikainunua. Jumapili Shija alikuwa anapokea Komunyo ya Kwanza, na gauni jeupe la dukani lilikuwa limetushinda. Baba yake yuko machimboni Geita, hata barua haleti.

Shija kwetu Wasukuma ni jina la mtoto anayefuata mapacha. Mapacha wangu niliwazika wana miezi minne, wote wawili ndani ya wiki moja. Sikuzaa tena baada ya Shija. Kwa hiyo nikisema nilikuwa na Shija tu, nina maana hiyo hasa.

Nilipoanza kufumua ile nguo nikashangaa. Uzi haukuwa na fundo. Mwanzo wa mshono hakuna, mwisho hakuna. Nikasema, ama kweli duniani kuna mafundi wavivu! Nikacheka. Nikakata gauni la Shija, nikaweka vifungo sita mbele, upande wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto. Masista walitufundisha ushonaji hivyo. Mwanamke, kulia juu. Mwanaume, kushoto juu. Hapo mkono wangu haukosei hata nikifumba macho.

Ile mikono mipana ikabaki. Fundi hatupi kitambaa. Nikaishona kijigauni cha mtoto mchanga, vifungo vile vile, nikampa Apolonia, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, aliyekuwa amejifungua binti. Bure kabisa. Apolonia akafurahi mpaka akapiga vigelegele peke yake.

Ijumaa Shija akalijaribu gauni lake. Likamkaa.

"Mama, nasikia baridi."

"Baridi gani na jua hili? Haya, vua basi."

"Bibi kakataa."

Bibi yake yuko Nyashimo, hajakanyaga kwangu tangu Pasaka. Nikadhani ni utoto. Nikajaribu kumvua, akalia kwa namna ambayo sijawahi kumsikia, nikamwacha. Ndiyo maana jioni ile tulikuwa njiani, yeye na gauni lake la Komunyo, miguu imejaa vumbi.

Ilikuwa Septemba. Ardhi imekauka, mabua yamekwisha kuchomwa. Tulipopita nyumba ya mwisho kabla ya shule, nikasikia mtu nyuma yetu.

Kwachu... kwachu... kwachu...

Kama anatembea juu ya maganda ya karanga. Nikageuka. Njia ilikuwa vumbi tupu. Hapakuwa na ganda hata moja, wala mtu.

Tukaenda. Kukaja harufu. Ubani, na maganda ya chungwa.

Kwachu... kwachu...

"Mwadila, mayu," nikasema. Ndivyo tunavyomsalimia mama jioni, na niliona heri nisalimie kuliko kunyamaza.

"Mama," Shija akanong'ona. "Bibi anauliza mikono iko wapi."

"Bibi yupi?"

"Huyu."

Alikuwa anaangalia juu kidogo, upande wake wa pili. Na mkono wake mwingine, ule ambao sikuushika mimi, ulikuwa umeinuliwa. Vidole vimekunjwa. Kama umeshikwa.

"Anasema mikono yake inaona baridi."

Nilipaswa kupiga kelele. Sikupiga. Ganzi iliniingia kwenye vidole, ikapanda mpaka begani, ikafika kifuani, ikakaa. Nikambeba Shija nikatembea. Sikukimbia. Nilihesabu hatua zangu, na hatua za yule zikaja nyuma, taratibu, za mtu mzee.

Mwalimu Sachiko alikuwa ametoka Japani kufundisha hesabu shuleni pale. Watoto wakimwita Mchina, naye kila siku anajibu bila kuchoka, "Mjapani." Akafungua mlango, ameshika taa ya chemli, anatabasamu.

"Karibu, Mama Shi..."

Mwanga ukampiga Shija. Tabasamu likakatika.

"Mama Shija," akanong'ona. "Nani amekufa?"

"Hajafa mtu, Mwalimu. Ni gauni la Komunyo."

Hakunisikiliza. Alipiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono wa chini ambao sikuufumua. Akautafuta mwisho wa uzi. Akaukuta. Hauna fundo.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kwenye mitumba."

Akafunga mlango kwa komeo. Akaniambia kwa sauti ya chini sana, Kiswahili chake kikimponyoka. Kwao nguo hii ni ya maiti. Huvishwa akisafirishwa kwenda kwa waliotangulia. Haifungwi fundo, ili asibaki amefungwa huku. Bibi wengine hujishonea mapema, wakaiweka kabatini, wakasubiri.

"Labda watoto wake walitoa nguo kabatini bila kujua," akasema. "Labda alikufa, wakaitafuta wasiione. Sijui, Mama Shija. Kweli sijui."

Kisha akaonyesha vifungo.

"Na mtu aliye hai kwetu hufunga kushoto juu. Mwanamke, mwanaume, wote. Kulia juu ni maiti peke yake."

Vifungo sita. Niliviweka kwa mkono wangu.

Akavikata vyote kwa wembe, akalaza upande wa kushoto juu, akambana Shija hivyo kifuani pake kwa muda mrefu. Shija akavuta pumzi moja, kubwa, kama aliyetolewa majini. Ndipo tukamvua. Hakulia. Mwili wake ulikuwa mweupe kwenye vidole na midomo.

Mwalimu akatia makaa kwenye jiko dogo, akaliweka chini ya meza yake fupi, akafunika meza kwa blanketi zito mpaka sakafuni. Akamwingiza Shija miguu humo, akaniambia nami niingize.

"Kwetu wakati wa baridi familia nzima hukaa hivi," akasema. "Miguu pamoja. Tunakula machungwa, tunasikiliza theluji ikianguka kutoka paani."

"Theluji ukiikanyaga hulia vipi?" nikamuuliza.

Akafikiri. Akasema, "Kwachu, kwachu."

Ukutani palikuwa na kalenda yake, aliyoiacha kwenye Januari mwaka mzima. Nyumba za nyasi zimefunikwa na weupe. Matunda ya rangi ya machungwa yametungwa kwenye kamba chini ya paa, yanakauka. Na pembeni ya njia, safu ya vitoto vya mawe, vimevishwa kofia nyekundu za kufuma.

"Hivi ni vya nini?"

"Vya watoto waliokufa. Akina mama huvivisha, visione baridi."

Nilivitazama vile vitoto. Niliwakumbuka mapacha wangu. Sikuwahi kuwafumia hata soksi. Iliniuma, lakini kwa mbali, kama jino lililochomwa sindano ya ganzi.

Mwalimu akatoka nje na gauni. Akalichoma uani. Mimi nikasimama mlangoni, Shija nimemfunga mgongoni, mgongo wangu unaanza kusikia joto lake. Moto ukanuka ubani.

Kwachu... kwachu...

Hatua zilizunguka moto. Mara moja. Mara mbili. Kisha zikasimama, kama mtu anayehesabu nguo zake.

Mwalimu akanigeukia. "Ni yote, Mama Shija? Hakuna kipande kilichobaki?"

Bibi anauliza mikono iko wapi.

Nikakumbuka. Naapa mbele ya Mungu, nilikumbuka pale pale. Apolonia, binti yake, kijigauni, vifungo. Hatua zikaanza tena, zikapita ubavuni kwangu, zikashika njia tuliyojia. Nilijua zinakwenda wapi. Ningekimbia ningezipita, zilikuwa za mtu mzee.

Lakini Shija alikuwa mgongoni kwangu, amepata joto. Nikafikiri, nikienda kukizuia kile kitu, kitamrudia huyu. Nikafikiri, kesho asubuhi nitakwenda.

"Ni yote, Mwalimu," nikasema.

Nikarudi ndani. Nikaingiza miguu chini ya blanketi. Nikala chungwa alilonimenyea. Tulilala hapo hapo.

Kilio nilikisikia alfajiri, kabla sijafika kwangu. Binti wa Apolonia alikuwa na siku kumi na mbili. Wakasema ni degedege, wengine wakamtaja mama mkwe wa Apolonia kwa uchawi, mpaka yule mama akarudi kwao Nkoma kwa aibu. Nilisikia yote. Sikufungua mdomo. Niligusa mguu wa mtoto, ulikuwa wa baridi kama mtungi.

Apolonia akataka azikwe na kijigauni kile, kwa kuwa hakuwa na nguo nyingine nzuri kama hiyo. Kulia juu ya kushoto. Nami nikasaidia kufunga vifungo.

Shija alipokea Komunyo kwa gauni la kuazima. Siku hizi ni nesi Mwanza, na wanamcheka kwa kuvaa sweta Februari. Mzima. Yupo. Nikiulizwa tena jioni ile, sijui ningejibu nini, na hilo ndilo linalonitisha kuliko zile hatua.

Baada ya arobaini nilifuma kofia ndogo nyekundu, nikaenda kuiweka kaburini. Kesho yake Apolonia akaja barazani ninaposhonea, akakaa kwenye benchi, macho yamevimba.

"Ni wewe uliyeweka kofia?"

"Ni mimi."

"Mungu akubariki, mwenzangu. Hakuna mwingine aliyemkumbuka mwanangu." Akafuta pua kwa kanga. Kisha akaitoa ile kofia kifuani, akaniwekea kiganjani. "Ila niambie. Mbona imeloa hivi? Na baridi hii?"

Nikamwambia ni umande.

Mvua ilikuwa bado. Kwetu kiangazi hakuna umande.