Aliyekataa Kupimiwa

Widad alipofika kazini Chake Chake asubuhi ile, tovuti ya wakulima wa karafuu ilikuwa imezima tena. Akafungua mipangilio ya seva. Kikomo cha kumbukumbu alichokiweka jana, ili mdukuzi asije akaifanya programu moja ikala kumbukumbu yote na kuiangusha tovuti, kilikuwa kimefutwa.

Nywila walikuwa nayo wawili tu, yeye na Salem. Na ulikuwa mwaka wa uchaguzi. Salem alikuwa wa chama kile kingine, na tangu kampeni zianze salamu zao zilikuwa za mdomoni tu.

"Salem, umekiondoa wewe?"

"Wallahi si miye." Hakumtazama.

Widad hakumwamini. Akabadilisha nywila bila kumpa, akakirudisha kikomo, na baada ya adhuhuri akamketisha kando yake katika chumba cha seva, mikono juu ya meza aione.

Chumba hicho zamani kilikuwa ghala ya tajiri aliyeijenga nyumba ile ya ofisi. Kiyoyozi kilivuma. Ikaja harufu ya ubani, na chini yake uvundo wa nyama. Feni za seva zikaanza kwenda mbio, na ndani ya mvumo wake Widad akasikia kitu kama meno yanayotafuna, polepole, nyuma ya ukuta, kisha nyuma ya kiti chake, kisha sikioni kabisa, na mbele ya macho yao, mikono ya Salem ikiwa palepale mezani na yake mwenyewe mapajani, tarakimu za kikomo zikafutika moja moja mpaka pakabaki patupu.

"Dada," Salem alinong'ona, "hicho kinakula."

Wakamleta Bi Mwanapili, mganga wa kijiji cha Ole. Alifukiza, akasoma, kisha akauliza: "Wataka nini?"

Sauti ikatoka kwenye feni. "Bwana wa nyumba akinilisha bila kunipimia. Hawa wananipimia."

"Bwana wako keshakufa. Toka!"

Mlango ukajibamiza. Uvundo ukakatika. Widad akaweka kikomo, na safari hii kikakaa.

Kesho yake alikwenda kwa Salem kumtaka radhi kwa kumdhania. Mkewe, Asya, alimpokea mlangoni, macho yamemvimba.

"Usiingie, dada," alisema chini chini. "Tangu jana anakula tu. Wali kaumaliza, unga mbichi kaumaliza, na kuku bandani hawamo."

Mtafuno uliokuwa ukisikika jikoni ukanyamaza. Salem akaita, kwa upole ambao Widad hakuwahi kuusikia kwake:

"Asya, ni yule anayenipimia? Mkaribishe ndani."