Chupa ya Maziwa ya Masanja

Nina miaka thelathini na minne. Sita kati ya hiyo niliimalizia gerezani, na sikuonewa.

Nilikuwa mke mkubwa, kijijini nje ya Bariadi. Kabula, mke mdogo, alikuja miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia kwetu. Hakuwa na mtoto. Mimi nilikuwa na Masanja, wa miaka miwili. Basi nikaanza kumchunguza.

Msimu wa kupulizia pamba, Masanja akaanza kuugua. Mate yanamtoka, anatapika, anatetemeka... kisha anapoa. Mara zote tatu Kabula ndiye aliyemnywesha maziwa, mimi nikiwa shambani. Ungekuwa wewe, ungewaza nini?

Nikapeleka kifaranga kwa mfumu, mganga wa ramli. Akakipasua, akatazama ndani. “Mayu,” akasema, yaani mama, “anayekumaliza anakula chungu kimoja na wewe.”

Hakutaja jina. Jina nilikuwa nimelibeba mwenyewe kutoka nyumbani.

Kwetu kuku akishasema, nani wa kubisha? Nilimweleza mume wangu, akanyamaza. Ukimya ule nikauona ni ruhusa.

Asubuhi nilimkuta Kabula akimnywesha mtoto. “Mwangaluka, dada,” akanisalimia huku akicheka. “Mwanao leo ana njaa ya fisi.”

Nilimkata kwa panga. Aliinua mkono kujikinga... mkono ule ukabaki pale uani.

Nikiwa mahabusu, Masanja alizidiwa, akakimbizwa hospitali. Nesi akauliza jambo ambalo mimi, mchunguzi hodari, sikuwahi kujiuliza: maziwa yake mnaweka kwenye nini?

Mume wangu akapeleka chupa. Nesi akainusa mara moja tu.

Chupa ile niliinunua mimi mnadani, ikiwa na dawa ya pamba. Zamani dawa ilitoka ushirika, kwenye kopo lenye picha ya fuvu. Sasa wachuuzi waliipima kwenye chupa za soda. Ilipoisha nikaisuuza kwa maji, nikaitia maziwa. Harufu? Msimu ule hata nywele zetu zilinuka dawa.

Nilipofunguliwa, nilimkuta Kabula anasonga ugali kwa mkono mmoja, Masanja akimshikia sufuria. Mtoto alinitazama kama mgeni.

“Karibu, dada,” Kabula akasema. “Mwanao anakula sana.”

Wenzangu, mkimshuku mtu, msimpeleke kwa kuku. Anzeni kwa kunusa vyombo vyenu wenyewe.

Tunaishi kaya moja hadi leo. Mimi nakula anachopika Kabula. Ninachopika mimi, hajawahi kukigusa.