Aliyeitwa Akanyamaza

Nina kitu kinywani. Nikikimeza kinaninyonga, nikikitema kinamuunguza aliye mbele yangu. Ni nini? Usiniambie uji wa moto, hilo wajukuu wangu wote wamelisema na wote wamekosa. Kaa kwanza. Jibu liko katika habari ya Joël na Marcelline wa Kasongo, na si jibu la kuchekesha.

Walikutana sokoni siku ya Jumamosi, pale wanapopanga mawese na samaki wakavu wa Lualaba. Marcelline alikuwa na cherehani yake chini ya turubai, amevaa kikwembe cha kijani chenye ndege weupe, na kilemba cha kitambaa kilekile. Baiskeli iliyobeba mikungu minne ya ndizi ikapita karibu mno. Mkungu mmoja ukanasa kilemba, ukaondoka nacho. Mwenye baiskeli alikuwa ameshafika kwa wauza chumvi ndipo akasikia watu wanacheka.

"Kaka, unanunua kile kilemba ama unaiba?" Marcelline akamwuliza.

"Siibi, dada. Kimenifuata chenyewe."

"Basi kirudishe, na ndizi tatu za kukiosha."

Akarudisha kilemba na ndizi tano. Alikuwa kijana mrefu, shati limefifia mabegani, na sauti nzito iliyofanya wauza samaki wageuke.

"Weye unaimba," Marcelline akasema.

"Kanisani tu. Naongoza kwaya."

"Kumbe weye ndiye Joël. Mdogo wangu Élysée ananichosha na jina lako kila Jumapili. Joël hivi, Joël vile. Nilifikiri uko muzee."

"Na sasa?"

"Sasa naona ni mwizi wa vilemba."

Kabla ya Pasaka, Marcelline naye alikuwa amesimama safu ya pili kwenye kwaya. Mwaka ule walichagua sare ya buluu yenye misalaba midogo ya dhahabu. Marcelline alinunua kikwembe kizima, akakata gauni lake na shati la Joël kutoka kitambaa hicho kimoja. Kwetu mwanamke akikukatia nguo hivyo, watu hawaulizi tena. Mama wa Marcelline, Régina, alilipima lile shati mgongoni mwa Joël kwa mikono yake, akacheka, akamwita mwanangu.

Ilibaki mahari. Joël na Élysée wakapanda pikipiki kwenda Salamabila kuchimba dhahabu.

Jioni Marcelline alipanda kilima cha nyuma ya shule, mahali pekee ambapo telefone ilishika vizuri.

"Umekula, mpenzi?"

"Muhogo. Na muhogo. Jana tulibadilisha, tukala muhogo."

"Na huyo mtoto wa mama?"

"Élysée anakoroma kama mashine ya unga. Ukinioa, sitaki ndugu yako akuje kulala kwetu."

"Mimi ndiye nitakuoa? Haya. Niimbie kidogo basi, nilale vizuri."

Zikasikika sururu tu upande wa Joël.

"Joël?"

"Huku hatuimbi, Marcelline. Réseau inakatika."

Haikukatika. Aliikata yeye.

Mwenye shimo walilochimba alikuwa na mganga wake. Kila mchimbaji mgeni alikunywa dawa na kuapa: humo chini halitajwi jina la Mungu, hauimbwi wimbo wa kanisa, maana dhahabu inakimbia na udongo unakasirika. Élysée alikataa kunywa, wakamwacha abebe mifuko ya mchanga juu. Joël alikunywa. Alijiambia ni maji machungu tu, atatubu akirudi. Siku moja mtu wa chini akaumwa homa, Élysée akashuka mahali pake. Ndiyo siku udongo ulipoanguka.

Walifunikwa wote wawili, hatua tano kati yao. Taa zilizimika. Joël alikuwa amebanwa miguu, Élysée kifua.

"Joël, uko hapo?"

Alikuwa hapo. Alisikia kila pumzi.

"Joël, uko hapo? Imba ule wimbo wa mama. Kidogo tu."

Joël akafungua kinywa. Juu ya kichwa chake udongo ukadondoka kidogo, shaa, akakumbuka kiapo. Akajiziba kinywa kwa mkono. Élysée aliendelea kumwita, akidhani yuko peke yake, mpaka sauti ikawa nyembamba, halafu ikaisha. Wachimbaji walipomtoa Joël, mkono ulikuwa bado umeziba kinywa.

Aliuleta mwili Kasongo. Kwenye kilio, Mama Régina alimshika mashavu mbele ya wote.

"Weye ulikuwa naye. Mwanangu alikufa na wimbo?"

Joël akainamisha kichwa, machozi yakamshuka. Watu wakasema amina. Wakadhani amejibu. Mama akambusu mikono, na wanakwaya wakapanga kwamba siku ya arobaini Joël ataongoza wimbo aliomwimbia Élysée shimoni.

Usiku wa kuamkia siku hiyo hakulala kwao. Asubuhi Marcelline alikuta lile shati la buluu mlangoni pake, limefuliwa, limekunjwa vizuri.

Ungefikiri nini wewe? Marcelline alifikiri hivyohivyo. Mchumba akirudisha nguo uliyomkatia, amekukataa. Alipiga telefone mara kumi na moja, haikupokewa. Kisha akachukua mkasi akalifumua shati mshono kwa mshono, kola, mikono, mifuko, vikabaki vipande.

Ilipita miezi saba. Bakari, mwendesha pikipiki, akasimama sokoni kunywa maji.

"Marcelline, nimemwona mtu wako Lusangi. Analima. Jumapili anakuja mpaka ukuta wa kanisa la kule, anakaa nje. Wakianza kuimba, anaondoka."

"Hana mke?"

"Ana jembe."

"Kesho unanipeleka."

Alimkuta shambani, kati ya mihogo, amekonda, ndevu hazijanyolewa. Joël alipomwona, jembe lilimtoka mkononi.

"Sikuja kulia," Marcelline akasema. "Nimekuja kusikia kwa kinywa chako. Ulinikatalia nini?"

"Sikukukataa."

"Shati lilitembea lenyewe, kama kilemba?"

"Lilikuwa la kwaya. Nisingeweza kulivaa na kusimama mbele ya mama yako."

Akamweleza. Dawa, kiapo, hatua tano, mkono. Hakujipunguzia kitu. Marcelline alisikiliza amesimama, na Joël alipofika kwenye lile jina lililoitwa tena na tena, aliketi chini kwenye udongo na kikwembe chake kizuri.

Sasa umeliona jibu la kitendawili changu. Limemtoka Joël, limemuunguza Marcelline.

Marcelline akaokota bonge la udongo, akalivunja vidoleni.

"Ungemwitika tu," akasema. "Hata kama si kuimba. Ungesema niko."

"Najua."

"Umeomba Mungu?"

"Kila asubuhi. Pengine Mungu amenisamehe. Lakini naona haya kumshukuru, kwa sababu mama yako bado ananibusu mikono."

Marcelline akafuta uso kwa ncha ya kikwembe.

"Mimi sijui kama nitakusamehe, Joël. Leo sijui. Lakini utapanda hii pikipiki. Hayo maneno si yangu peke yangu."

Walifika Kasongo kesho yake asubuhi. Mama Régina alikuwa uani anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alipomwona Joël alitabasamu, mkono umeshika mchi.

"Mwanangu umerudi."

"Mama, usiniite hivyo kwanza."

Alipiga magoti kando ya kinu akasema yote. Alipomaliza, mama aliuliza kitu kimoja tu:

"Alikuwa anakuitaje?"

"Alisema, Joël, uko hapo? Alisema mara nyingi, mama."

Mama akaweka mchi chini polepole. Akaingia ndani, akafunga mlango.

Wakakaa nje. Jua likapanda juu ya paa la mabati, nzi wakaja kwenye sombe. Hawakusikia kilio wala maombi. Majirani walipita, wakasalimia, wakaona nyuso zao, wakaenda zao. Adhuhuri, adhana ikasikika kutoka upande wa pili wa mji.

"Tuondoke?" Marcelline akanong'ona. "Pengine hatafungua."

"Weye enda upumzike. Mimi nakaa."

Marcelline hakuenda. Alifungua mkoba wake akatoa vile vipande vya kitambaa cha buluu alivyobeba tangu jana, kola, mikono, mifuko, akatunga uzi kwenye sindano. Hakusema anashona nini. Alikuwa amemaliza mshono wa bega moja ndipo sauti ikatoka nyuma ya mlango, nyembamba, ya mtu aliyelia kimyakimya mpaka akakauka.

"Joël, uko hapo?"

Mkono wa Joël ukapanda wenyewe, ukafika kinywani. Marcelline akaacha sindano, akaushika ule mkono, akaushusha taratibu, akaubakiza ndani ya wake.

"Niko hapa, mama," Joël akasema. "Niko hapa."