Kaimu wa Mzee Mihayo

Jumanne, tarehe 21 Oktoba, 2087. Asubuhi hiyo Tabora iliamka na joto kavu na vumbi jekundu. Mawingu yalipita tena bila kuacha hata tone.

Nyamizi, fundi wa mapaa ya jua, alikuwa juu ya paa la soko na mwenzake Sadoki, kioo chake cha mkononi kikimsomea blogu ya darasa. Wote wawili walikuwa wakisoma elimu ya watu wazima. Darasa lilikutana ana kwa ana Jumamosi tu; siku nyingine liliishi kwenye blogu. Kila mmoja aliandika somo lake pale, wenzake wakaweka maoni, na mwisho wa makala mtu aliandika haja yake ili aombewe.

Aliyebanwa na kazi, au asiyeandika kitu siku hiyo, aliandikiwa moja kwa moja na Kaimu, akili unde iliyojifunza lugha ya kila mwanafunzi hadi utani wake. Zamani makala za Kaimu zilikuwa na alama ya kuzitambulisha. Wanafunzi wenyewe waliomba iondolewe, maana watu wazima waliona aibu kuonekana watoro.

Alfajiri Nyamizi alikuwa ameandika: "Niombeeni. Mwanangu anapasuliwa moyo keshokutwa." Jibu la Mzee Mihayo, dereva mstaafu wa treni, lilikuwa limekuja papo hapo, na sasa kioo kilimsomea: "Nimemwombea mgonjwa wako, binti yangu. Atapona."

Bisibisi ilimponyoka Nyamizi.

"Sadoki, huyu si Mzee Mihayo."

"Ni nani basi, jini?"

"Mzee hamwombei mtu kabla ya kuuliza jina. Husema hawezi kumpelekea Mungu mgonjwa asiye na jina. Mimi sikutaja jina."

"Dada, umekuwa mpelelezi? Jana tu kaandika habari za breki, nimecheka mpaka basi!"

"Wewe ulimwona lini kwa macho?"

"Jumamosi, darasani," Sadoki alisema, akaanza kukusanya vifaa.

Nyamizi alimpigia Mzee. Simu iliita mpaka ikakatika. Akampigia Mwalimu Gerwazi wa darasa lao.

"Mzee hajambo," mwalimu alisema. "Makala yake ya leo nimeipa alama za juu."

"Mwalimu wangu, nakusihi, tukutane mlangoni kwake."

Njiani na Sadoki, midomo ya Nyamizi haikutulia. Ee Bwana, nionekane mjinga. Nichekwe, lakini tumkute salama.

Walimkuta mwalimu mlangoni, wakabisha hodi. Ndani sauti changamfu ilisoma maoni ya darasa: "Hongera, Mzee! Wewe ndiye taa yetu!" Hakuna aliyeitikia. Sadoki alisukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

Kioo kiling'aa mezani sebuleni. Mzee Mihayo alikuwa bafuni, chini, nyonga imevunjika, midomo imepasuka. Alikuwa pale tangu Jumapili, akichota kwa kiganja maji ya ndoo.

"Shikamoo, Mzee," Nyamizi alisema, machozi yakimtoka.

"Marahaba, binti." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Niliita mpaka koo likafunga. Nyie mkawa mnanisifu. Kila mliponisifu, nikajua leo tena hakuna atakayekuja."

Mwalimu Gerwazi, aliyekuwa akiita gari la wagonjwa, aligeukia ukuta.

"Nikasikia kile kioo kikikujibu kwa niaba yangu," Mzee aliendelea. "Kimekuombea bila kuuliza. Mwanao anaitwa nani?"

"Jilala, baba."

"Jilala," alirudia, akafumba macho. Midomo yake ilisogea taratibu mpaka wahudumu wakafika na machela.

Walipomwinua, Nyamizi aliushika mkono wake. Akawatazama Sadoki na mwalimu, akasema kwa sauti iliyosikika mpaka uani:

"Mbele za Mungu, na ninyi mkiwa mashahidi: kila jina nitakalolisoma kwenye blogu yetu nitaliita kwa mdomo wangu. Lisipoitika, nitalifuata mlangoni."