Mota Ambayo Fundi Hakuijaribu

Mume wangu alifariki Jumanne asubuhi. Cherehani ya mteja ilikuwa mezani, imefunguliwa, skrubu zake zimepangwa kwenye kisahani. Hakuna aliyejua kuifunga. Ilikaa hivyo siku zote za msiba.

Alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Fundi Mafuta, kwa sababu kila cherehani mbovu aliiambia kwanza, "Wewe una kiu tu." Kwa miaka sita alikuwa na ukurasa kwenye mtandao. Humo aliandika jinsi ya kusafisha mashine, sindano gani inafaa kitambaa gani, na hata makosa yake mwenyewe. Akikisifu kifaa, ujue amekitumia. Alipoondoka, niliusoma ukurasa ule kila siku. Ndiyo sauti yake iliyobaki.

Binti yetu ndiye aliyeuendeleza. Alijiunga na mpango wa kampuni moja inayouza vifaa vya cherehani. Unaweka kiungo kwenye ukurasa wako. Msomaji akikigusa, anafika kwenye duka la kampuni. Akinunua, nawe unapata kamisheni. Mpango wenyewe haukuwa na ubaya. Lakini binti alichukua picha kutoka duka lao, akabandika nembo ya kampuni juu kabisa, akaandika: "Sisi ni wawakilishi wao." Kisha, chini ya picha ya mota mpya, akaandika kama baba yake: "Mimi Fundi Mafuta nimeitumia miezi mitatu. Haina mpinzani."

Nilisoma, nikajua si kweli. Nikayaacha. Maneno yale yalifanana naye mno.

Mwezi uliofuata alikuja mshonaji mmoja, mteja wetu wa zamani, amebeba kwenye kikapu mota ile, aliyoinunua kupitia kiungo chetu. Ilikuwa imeungua wiki ya pili tu. Alikuwa ameiandikia kampuni kwamba aliipata kupitia kwa wawakilishi wao. Kampuni ikamjibu kwamba haina mwakilishi yeyote mtaani kwetu. Nilimkaribisha chai. Akanywa kidogo, akaweka kikombe chini.

"Dada, fundi tulimzika pamoja. Mota hii imeingia dukani baada ya hapo. Aliijaribia wapi?"

Binti yangu alikwenda chumbani, akajifungia.

Siku tatu baadaye ikafika barua ya kampuni. Walitutaka tuondoe nembo yao, picha zao na neno "wawakilishi" ndani ya siku saba. La sivyo, wangeomba ukurasa wote ufungwe. Wote, pamoja na miaka sita ya maandishi ya mume wangu. Hatukuwa na nakala mahali pengine.

Nilimchukua binti tukaenda kwa jirani yetu, karani katika ofisi ya wakili. Tunamwita Mama Mafaili, kwa sababu hata orodha yake ya sokoni huiweka kwenye faili. Alivaa miwani, akasoma barua mara mbili, kisha akausoma ukurasa kwenye simu ya binti.

"Masharti ya huo mpango mliyasoma?"

"Tuligusa palipoandikwa 'nakubali'," binti alisema.

"Basi mliuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia mkalifunga wenyewe."

Binti alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza wiki ile. Akauliza kama tufute viungo vyote. Mama Mafaili akasema hapana. Kwa kawaida si kosa kumwelekeza mtu kwenye duka la mwingine, na jina la kampuni unaweza kulitaja ili msomaji ajue unazungumzia mota gani. Kosa ni kujivika nguo zake. Nembo ni alama yake ya biashara. Ukiiweka juu ya ukurasa wako, watu watadhani ninyi ni kitu kimoja. Picha nazo zina mwenyewe, kwa hiyo piga zako au omba ruhusa kwa maandishi. Kama unapata kamisheni, useme waziwazi, palepale karibu na kiungo, usiifiche chini kabisa pasipofika jicho. Umwambie msomaji pia ni nani anayeuza na nani anayetoa dhamana. Lakini sheria hazifanani kila mahali, aliongeza, kwa hiyo angemwomba wakili aipitie barua yetu ya majibu kabla hatujaituma.

Kisha akavua miwani.

"Hayo mepesi. Zito ni hili: mmemfanya marehemu atoe ushahidi wa jambo asilolijua. Ukisema umekijaribu kitu, na hukukijaribu, umemdanganya mnunuzi."

Binti aliinama. "Nikiandika kama baba, naona kama yuko chumba cha pili."

Nilimshika mkono. "Hata mimi, mwanangu. Ndiyo maana sikukukataza. Lakini baba yako hakuwahi kumdanganya mteja. Tusimfanye aanze sasa."

Asubuhi iliyofuata tuliondoa nembo, picha na yale maneno ya uongo. Tulimwomba mshonaji radhi, kwake nyumbani na kwenye ukurasa pia. Mama Mafaili alimsaidia kuiandikia kampuni upya, safari hii kama mnunuzi mwenye risiti. Akabadilishiwa mota kwa dhamana yao. Barua yetu nayo ilijibiwa siku ya sita. Kampuni iliridhika, tena ikaturuhusu, kwa maandishi, kutumia picha mbili.

Katikati ya ukurasa tulipiga mstari. Tukaandika kwamba Fundi Mafuta amefariki, kwamba yaliyo chini ya mstari ni yake na hatutayagusa, na yaliyo juu ni yetu.

Sasa kila kifaa nakitumia mimi kwanza, mwezi mzima, kabla hakijaandikwa. Kikinishinda, tunasema kimenishinda.