Siku Tatu Zilizomezwa

Kila siku saa tatu asubuhi, hata wikendi, wanafunzi wa klabu ya sayansi walipokezana zamu ya kusoma kipimamvua nyuma ya ofisi ya walimu. Mwenye zamu alitazama maji yamefika alama gani, akaandika kwenye daftari, kisha akayamwaga. Ilikuwa kazi ya dakika mbili, lakini mawingu yakitanda hata dakika mbili wengine waliziona nyingi.

Mwisho wa muhula daftari lilinakiliwa kwenye faili la kompyuta. Mwalimu wa sayansi akamwita msichana aliyebandikwa jina la Kwanini kwa maswali yake yasiyokwisha, akamwambia aandike programu ya kulisoma faili hilo na kujumlisha mvua yote. Jumatatu hesabu ingepelekwa kituo cha hali ya hewa. Ikiaminika, shule ingeingia kwenye orodha ya vituo vya kupima mvua, na Kwanini aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote.

Jumamosi alikaa mezani na shangazi yake, ambaye kazi yake ni kuandika programu. Kompyuta iligoma. Ilionyesha mistari miwili myekundu ya makosa, ikakataa hata kuianzisha programu.

"Shangazi, wa kwanza unasema nimeweka maandishi mahali pa namba. Kwani 12.4 si namba?"

"Kwako ni namba. Kompyuta ikisoma faili, yote ni maandishi tu mpaka uiambie iyageuze. Na usichague namba nzima, mvua yako ina nukta."

Kwanini akarekebisha. "Na wa pili?"

"Unakuuliza, faili lisiposomeka utafanya nini? Mstari huo hautaondoka mpaka ujibu."

Shangazi akatoka kuanua nguo. Kwanini, ambaye siku hiyo haraka yake ilizidi maswali yake, akajibu kwa mkato: likitokea kosa lolote, ruka mstari huo, endelea. Wekundu ukaisha. Jumla ikatoka, milimita 318.5.

"Imekubali, Shangazi," alimwambia aliporudi na nguo.

"Hongera. Imesoma siku ngapi?"

Kwanini akahesabu. Themanini na saba, na daftari lilikuwa na siku tisini.

Wakaiagiza programu ionyeshe kila mstari inaouruka. Wa kwanza ulikuwa 7,2, mtu ameweka mkato badala ya nukta. Wa pili uliandikwa "kimefurika". Kwanini akashika kichwa, maana mvua kubwa kuliko zote ilikuwa imemezwa kimyakimya. Wa tatu ulikuwa na kistari tu. Tarehe ile aliijua. Ilikuwa zamu yake, na kwa kuogopa kulowana alikimbia akayamwaga maji bila kuyasoma.

"Nikiweka sifuri itakubali," alisema kwa sauti ndogo.

"Itakubali. Mvua ilinyesha?"

"Ilinyesha." Aibu ilimchoma.

Kwanini akasahihisha ule mkato, akaifanya programu itaje kila siku yenye tatizo. Chini ya jumla mpya ya 325.7 akaandika: "Siku moja kipimamvua kilifurika. Siku moja haikupimwa. Zamu ilikuwa yangu." Sentensi ya mwisho aliifuta, kisha akaiandika tena.

Mwalimu aliisoma hesabu hiyo, akaituma vilevile. Kwanini hakulala vizuri wiki nzima, hadi mama mmoja kutoka kituo cha hali ya hewa alipofika klabuni amebeba kipimamvua kikubwa zaidi.

"Hiki hakitafurika upesi," alisema, baada ya Kwanini kumsimulia jinsi programu yake ilivyoruka siku tatu. "Mmeingia kwenye orodha. Hesabu zisizo na doa hata moja hunitia shaka, lakini nyinyi mmesema msichokijua. Kompyuta ikikataa, inakuuliza swali. Ukiinyamazisha, kosa halijaondoka, limejificha tu. Na sifuri ya uongo ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu hakuna atakayeitafuta."

Mwalimu akauliza nani angeanza zamu kesho. Kwanini akanyoosha mkono.

"Na mvua ikinyesha?"

"Ndiyo siku yenye cha kupima, Mwalimu."